Ng'ombe wa mama anachunguzwa mara mbili kwa siku

Mama mdogo wangu alienda zahanati akasema kifua kinamsumbua, akarudi na chupa ya dawa ya kikohozi. Akainywa yote, kijiko asubuhi kijiko jioni mpaka ikaisha, na wala hakuwa na kikohozi. Alichokuwa nacho ni kivimbe kwenye titi la kushoto upande wa kwapani, ila mhudumu aliyemkuta siku ile alikuwa kijana wa kiume, umri sawa na mwanae wa tatu, sa mama wa miaka 48 ataanzaje kumtamkia yule mtoto neno titi? Akasema kifua. Kijana akachukua ile mipira ya kusikilizia akaiweka mgongoni juu ya sweta, vuta pumzi mama, akavuta, haya dirisha la dawa lile pale. Simlaumu sana yule kijana, na mama mdogo ndo simlaumu kabisa, maana hata mi alipoanza kunisimulia ilinichukua muda kuelewa kwamba kifua anachosema sio hiki kifua ninachokijua mimi.

Kwetu ni Busokelo. Ukitoka Mbeya na kosta ya Kyela, kabla hujafika Tukuyu unashuka Katumba, hapo unaiacha lami unatafuta gari lingine au bodaboda, na kama mvua imenyesha (na kwetu mvua inanyesha sana, msiseme sikuwaambia) bodaboda anakushusha njiani anakwambia dada malizia na miguu, hapo mbele siwezi. Ni chai, migomba, viazi na ng'ombe wa maziwa. Na huko kwetu ng'ombe ndo ana matiti, mtu ana kifua. Mama akinyonyesha anasema anampa mtoto maziwa, akiumwa anasema kifua, akivimba anasema hapa, alafu anashika juu ya khanga haraka haraka na kuangalia pembeni. Kwaiyo mtu wa mjini anapokuja na semina yake anasema "akina mama, chunguzeni matiti yenu", nusu ya ukumbi ishainama inacheka chini chini, nusu nyingine inamwangalia mwenyekiti wa kijiji aliyekaa mbele pale, mwanaume, shemeji ya mtu.

Nimeandika haya kwa sababu kila ikifika mwezi wa 10 naona mabango ya utepe wa pinki ya kansa ya titi na maneno ya "elimu, elimu, elimu", kana kwamba shida ya mama yangu na wenzake ni kwamba hawajasikia. Wamesikia. Redio wanayo, wajukuu wanawaonyesha vidio kwenye simu, kliniki waliambiwa. Mwaka juzi nilikaa msibani siku 4, jikoni, kwenye kumenya ndizi, na kama unajua misiba yetu unajua jikoni ndo bungeni kwenyewe. Nikachokoza mada. Nilitegemea nitakuta watu hawajui kansa ya titi ni nini, nikakuta wanajua kuliko nilivyodhani, na kila mmoja ana sababu yake ya kutojishika, na sababu nyingi zina akili ukizisikiliza vizuri.

Ya kwanza baridi. Usicheke. Mwezi wa 6 na wa 7 kule juu unavaa blauzi, sweta, sweta la pili, khanga mbili na kitenge, na bafu ni magunia manne na miti nje ya nyumba, upepo unapita. Unapasha maji kwenye sufuria, unachanganya kwenye beseni, unaoga kama unafukuzwa, na kuna siku unanawa uso na miguu tu na Mungu anaelewa. Alafu mtu anakuja anakwambia ukiwa bafuni simama mbele ya kioo, nyanyua mikono, jiangalie taratibu kwa dakika kadhaa. Kioo kipi? Nyumba nyingi kioo ni kile kidogo cha kunyolea cha baba kinaning'inia kwenye msumari, kinaonyesha kidevu tu. Ndani usiku umelala na wajukuu wawili kitanda kimoja, mchana mlango hauna kitasa. Huo mwili mwenyewe unauona lini? Mama mmoja alisema, "mimi mara ya mwisho kujiona ni nilipokuwa mwali", wakacheka wote alafu wakanyamaza kidogo.

Ya pili pesa kwenye sidiria. Hii imeenea sana, sio kwetu tu, kwamba ukiweka hela au simu kwenye titi unapata kansa. Hakuna ushahidi wa hilo, sarafu haizalishi kansa, noti chafu itakupa vipele labda. Lakini niliona kitu kimenichekesha: mama anayeuza ndizi pale Katumba mkono wake unaingia kwenye sidiria mara 20 kwa siku kutafuta chenji, anajua kona zote za humo ndani, elfu mbili iko huku na mia tano iko kule, ila siku ukimwambia apapase kutafuta kivimbe anasema aibu. Anayeamini pesa inaleta kansa anahamisha pesa kwenye pindo la khanga, basi, anaona keshajikinga, kujichunguza kwa nini tena.

Alafu ile ya kutoumia, ambayo naiona mbaya kuliko zote. Kwetu ugonjwa ni kitu kinachouma. Jino linauma unaenda, tumbo linauma unaenda, mgongo unauma hauendi maana mgongo wa kila mtu unauma, sasa kitu kimekaa tu hapo kama punje ya harage, hakiumi, hakiwashi, unachuma chai unarudi kipo, utapoteza siku nzima ya kazi kwenda kusema nini? Na kivimbe cha kansa mwanzoni mara nyingi hakiumi kweli. Mama mdogo alikaa na chake miezi kama 9. Alisema angekuwa na maumivu angeenda wiki ya kwanza.

Na kuna jambo la kliniki ambalo sikuwahi kuliwaza mpaka bibi mmoja aliposema, "kliniki ni ya mama na mtoto, mimi mtoto sina". Ebu fikiria. Mwanamke wa kijijini anakutana na nesi sana akiwa mjamzito na akiwa na mtoto wa kupimwa uzito. Akimaliza kuzaa, kadi inaisha, hakuna mtu yeyote wa afya anayemwita tena mpaka augue. Na hatari ya hii kansa inaongezeka na umri (ingawa huku Afrika inawakuta wengi kabla ya miaka 50, kwaiyo vijana msijitoe). Yani tunawafundisha sana wale wenye vichanga, ambao titi lao lina maziwa na mabonge ya maziwa na ni gumu hata kwa nesi kutofautisha, alafu wale ambao kupapasa ingekuwa rahisi kwao tunawaacha na redio.

Lakini zote hizo, baridi, kioo, aibu, bado zingevukwa. Wanawake wa kwetu wanavuka mito na mzigo kichwani, hawawezi kushindwa na sweta. Kilichonifungua macho ni ng'ombe.

Mama yangu ana ng'ombe wawili wa maziwa. Saa 11 asubuhi na saa 10 jioni, kila siku ya Mungu, anaosha kiwele na maji ya uvuguvugu, anakipapasa chote kwa viganja, anaangalia kama kuna sehemu ya moto au ngumu, anakamua michirizi ya kwanza pembeni aone kama maziwa yana mabonge au damu. Hafikirii hata. Akihisi kitu anasema huyu chuchu ya nyuma kulia haiko sawa, kabla mtu mwingine yeyote hajaona. Mara mbili kwa siku, miaka na miaka. Nikamuuliza jikoni pale mbele za watu, mama we mwenyewe je? Akasema, "Aa, ng'ombe ukikuta shida unampigia bwana mifugo."

Hilo jibu nililala nalo. Maana ni kweli, kwa ng'ombe kila kitu kina njia. Ukigundua unapiga simu, jamaa anakuja na pikipiki, anaweka dawa kwenye chuchu, unamlipa hela unayoijua, maziwa ya siku hizo huuzi, alafu ng'ombe anapona unaendelea. Kwa titi la mtu ukigundua unapiga simu kwa nani? Unaenda zahanati, zahanati haina kipimo, unaandikiwa barua ya kwenda Tukuyu, Tukuyu labda unaambiwa nenda Mbeya, Mbeya unahitaji mahali pa kulala, unahitaji mtu wa kukusindikiza, ng'ombe watakamuliwa na nani, na kabla ya yote hayo unahitaji kumwambia mume ili hela itoke, na kumwambia mume ni kesi yake peke yake. Bima ya CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), iliyokuwa elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu 6, ilisaidia kweli, ila kadi haikukulipia nauli wala chakula cha msindikizaji. Kwaiyo kujichunguza, kwa mama wa kijijini, ni kutafuta kitu ambacho akikipata hajui pa kukipeleka. Mi nisingekitafuta pia.

Na wengi walioonekana kukipeleka hawakurudi. Nilipowauliza mnamjua nani aliyeumwa hii kitu, walitaja watu 5, na hadithi za wanne kati yao zilikuwa moja: alienda hospitali, akakatwa, akafa. Ndo maana watu wanaamini kabisa kwamba kivimbe kikiguswa na chuma kinakasirika kinatawanyika, bora kikandwe na majani, bora maombi, bora aitwe mtu aangalie nani kakutupia. Ukiwasikiliza juu juu unasema ushirikina. Ila ni hesabu tu wamepiga kwa walichokiona. Hapa Tanzania tathmini ya mwaka 2017 ilisema kama asilimia 80 ya wanawake wanaogundulika na kansa ya titi wanagundulika ikiwa hatua ya 3 au ya 4, yani imeshasambaa au inakaribia. Mtu akifika hatua hiyo akakatwa, akifa, kijiji hakioni hatua, kinaona kisu. Sa nani atakwenda mapema?

Kuna kitu nilisoma kikanikumbusha haya. Miaka ya 1950 kule Marekani serikali ilileta magari ya kupiga picha ya kifua (hiki kifua cha kweli sasa) bure mitaani kupima TB, watu wengi hawakuja. Bure kabisa, mlangoni, hawakuja. Wataalamu wa saikolojia wakakaa kuwaza kwa nini, wakaja na maelezo kwamba mtu anajipima pale anapoona ugonjwa unaweza kumpata yeye, ni mkubwa, kupima kunasaidia kweli, na vikwazo sio vizito kuliko faida, alafu kuwe na kitu cha kumsukuma siku hiyo. Baadaye wakaongeza kujiamini kwamba naweza kufanya mwenyewe. Mwaka 1984 mtaalamu wa uuguzi, Victoria Champion, akatengeneza maswali ya kupima hayo hayo kwa kujichunguza matiti, na watafiti wa nchi nyingi wameyatumia. Kwa lugha ya jikoni kwetu: faida hawaioni kwa sababu hakuna aliyerudi.

Sasa mi mwenyewe. Naishi Mbeya mjini, bafu la ndani, kioo kikubwa, bando la wiki. Nimevaa tisheti ya pinki nikatembea na wenzangu wa ofisini mwezi wa 10, tukapiga picha. Sikuwahi kujishika hata siku moja mpaka niliporudi kutoka ule msiba. Nikajipapasa nikakuta vipunjepunje kila mahali kama mchele kwenye mfuko, nikalia, sikulala, asubuhi nikaenda hospitali presha iko juu. Daktari mama mtu mzima akaniuliza siku zako lini, nikamwambia keshokutwa, akacheka kwa upole. Kumbe karibu na siku matiti yanajaa na kuwa na mabonge ya kawaida, ndo maana wanasema ujichunguze siku chache baada ya hedhi kuisha, yakiwa laini. Na ambaye hedhi imekoma achague tarehe moja ya mwezi, ile ile kila mwezi. Akanionyesha: sio ncha za vidole, ni zile nyama za vidole vitatu vya katikati, unazungusha duara ndogo ndogo, kwanza kwa kugusa tu, alafu kwa nguvu ya wastani, alafu kwa kukandamiza mpaka usikie mbavu, titi zima mpaka kwapani na juu hadi mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Ukilala chali inakuwa rahisi zaidi. Alafu macho: ngozi imebonyea? imekuwa kama ganda la chungwa? chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani? inatoa damu? Kikubwa uijue hali yako ya kawaida ili siku ikibadilika ujue, na vivimbe vingi sio kansa, ila anayejua kipi ni kipi ni kipimo, sio wewe wala jirani.

Niwe mkweli kwenye kitu kimoja ambacho mabango hayasemi. Kule Shanghai walifanya utafiti mkubwa na wanawake wa viwanda vya nguo, zaidi ya 266,000, nusu wakafundishwa kujichunguza na kukumbushwa, nusu hapana, majibu ya mwisho yakatoka 2002: vifo havikupungua kwa waliofundishwa, na walipata vipimo vingi zaidi vya vivimbe visivyo na shida. Ndo maana nchi nyingi tajiri zimeacha kusisitiza ile ratiba ya kila mwezi, wana mashine za mamogramu, zile za kupiga picha ya titi. Nilipoisoma nikawaza basi haya yote ya nini. Ila Busokelo hakuna mamogramu ya kumwita mama yangu kila baada ya miaka miwili. Macho ya kwanza ni yake au ya mume wake, na macho ya kwanza yakichelewa kila kitu kinachelewa. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2021 liliweka lengo kwamba angalau asilimia 60 wagundulike hatua ya 1 au ya 2, na kuanzia mtu anapofika kituoni mpaka kujulikana ana nini isizidi siku 60. Siku 60! Mama mdogo alikunywa ile dawa ya kikohozi kwanza.

Mama mdogo yupo, nilisahau kusema. Ndo yule wa 5, ambaye hadithi yake ni tofauti. Alikuja kumwambia mama yangu, sio nesi, sio mume, dada yake, wakiwa shambani kwenye chai, mwaka 2021. Mama akamshika mkono wakaenda Tukuyu wiki hiyo hiyo, wakauza ndama. Mbeya akachomwa sindano ya kuchukua sampuli, majibu yakatoka, hatua ya 2, daktari akasema una bahati chako kinaenda taratibu, lakini hii bahati usiijaribu tena. Titi likatolewa, dripu za kemo (dawa za kansa), nywele zikaisha, mionzi akaenda hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, akakaa kwa ndugu Mbagala akilalamika joto kuliko ugonjwa. Akarudi.

Na hapo ndo nilipoona kinachobadilisha watu. Hakufanya semina. Alirudi tu akaanza kulima. Baada ya miezi, jioni jioni wakaanza kuja, mmoja mmoja, hawaji wawili. Anakuja kuomba chumvi. Anapewa chumvi, haondoki. Anakaa kwenye kigoda, anaongelea mvua, anaongelea bei ya viazi, alafu anashusha sauti, "Mama, wewe uliona nini hasa mwanzoni?" Na mama mdogo anafunga mlango, anafungua vifungo, anaonyesha kovu. Wanaligusa wengine. Anawaambia hiki kisu kilinigusa, mnaniona. Alafu anawaonyesha pa kupapasa, na akiona mtu hajaelewa anamwambia fanya kama unakagua kiwele. Wawili kati ya hao walienda Tukuyu kupima, mmoja ni jipu la maziwa, mwingine kivimbe kisicho na shida akatolewa akarudi siku ya pili yake. Mume wa mmoja alikuja kulalamika kwamba anamtia mkewe hofu, akapewa chai akaondoka.

Chumvi inaisha haraka sana kwenye ile nyumba, nikienda siku hizi nambebea pakiti kama 10.

Mama yangu alikuwa mgumu mpaka mwisho. Nilimuonyesha mwenyewe, krismasi, chumbani, taa ya sola imefifia, wajukuu tumewafukuza nje. Alikuwa na aibu, mi nilikuwa na aibu zaidi, tukawa tunacheka kama wasichana. Mikono yake mizito ile, ya kukamua, ikajua kazi haraka kuliko yangu. Hedhi yake ilishakoma zamani kwaiyo nikamwambia achague tarehe moja asiyoweza kuisahau, akafikiria akasema siku ya malipo ya chai, maana hiyo hajawahi kuisahau. Nikaona sawa.

Mwezi uliopita malipo yakachelewa, wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Akanipigia usiku, network inakata kata, nikajua kuna tatizo.

"Mwanangu," anasema, "hela haijaingia mpaka leo. Sasa nisubiri, au nijiangalie tu?"